Sokwe Waliohama Kwetu

Mhariri ameniomba niandike juu ya safari yangu ya likizo ya mwaka 2025. Lakini nimeona si vema kuandika habari za safari peke yake, maana shida za basi kila mtu azijua. Nitaandika zaidi juu ya sokwe: ni mnyama wa namna gani, kwa nini wako zaidi ya thelathini mahali pamoja huko Kenya, nchi ambayo kwa asili haina sokwe hata mmoja, na sisi wa Burundi twahusikaje na jambo hilo. Maana twahusika sana.

Kwangu mimi habari hii ilianza na Babu. Babu yangu akaa Buyenzi, na katika miaka ya 1980 alikuwa dereva wa lori, akichukua ndagala kutoka Rumonge kuleta mjini. Tulipokuwa wadogo alikuwa na hadithi moja tuliyoipenda kuliko zote. Alisema kwamba kulikuwa na gereji moja Bujumbura ambako mwenyewe alimweka sokwe katika kizimba kilichotundikwa juu, ili watu wavutwe kuja. Madereva walipongoja magari yao walimpa sokwe sigara, naye akavuta. Babu aliigiza jinsi alivyoshika sigara kwa vidole viwili, nasi tulicheka mpaka machozi.

Basi, nilipofika darasa la mwisho, mwalimu wetu wa elimu ya viumbe alitusomea habari za hifadhi iitwayo Sweetwaters, karibu na mji wa Nanyuki. Akatuambia kwamba sokwe wa kwanza wa hifadhi hiyo walitoka Bujumbura. Na mmoja wao, aliyefika mwaka 1995, ambaye jina lake ni Poco, alikaa miaka mingi katika kizimba chembamba kilichotundikwa kwenye gereji, kizimba ambacho hakuweza kulala wala kutembea ndani yake, aliweza kusimama tu. Darasani watu walisikitika kidogo, kisha wakaendelea na mambo yao. Mimi sikusema neno. Nilikuwa nikifikiri juu ya vile vidole viwili vya Babu.

Niliandika barua kuomba nikafanye kazi ya kujitolea huko wakati wa likizo. Barua ya kwanza haikujibiwa. Kwa bahati yuko mwanafunzi wa zamani wa shule yetu afanyaye kazi ya umeme Nanyuki. Huyo alikwenda mwenyewe kuniombea, akapeleka na barua ya mkuu wa shule, akasema nitalala kwake. Kaka huyu hataki jina lake liandikwe hapa, lakini wa miaka yake watamtambua nikisema kwamba hata leo haweki sukari katika chai.

Kabla ya kuondoka nilitakiwa kupimwa kifua kikuu na kuonyesha cheti cha chanjo. Wakati ule nilidhani hayo ni kunilinda mimi nisipate magonjwa ya wanyama. Nilikosea, na kosa hilo nitalieleza mbele.

Safari niipite upesi. Mpaka wetu na Rwanda ulikuwa umefungwa tangu Januari 2024, kwa hiyo tulipita Kobero, tukaingia Tanzania, tukafuata Kahama, Singida na Arusha hata Namanga. Mafuta ya gari yalikuwa haba sana kwetu, na basi lilichelewa kuondoka nusu siku. Kutoka Nairobi hadi Nanyuki ni kilomita 200 hivi. Katika matatu mama mmoja aliniuliza ninakwenda wapi, nikamwambia. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, umetoka Burundi mpaka hapa kulisha nyani? Na watu je, wameshiba?" Abiria wote walicheka, nami sikuwa na jibu. Nitarudi kwa mama huyu.

Sasa tumtazame sokwe mwenyewe. Kwanza, sokwe si nyani. Nyani ana mkia, sokwe hana. Sokwe ninayemsema hapa, ambaye wengine humwita sokwe mtu, ni wa ukoo mmoja na binadamu kwa karibu sana, hata wataalamu wakilinganisha urithi wa mwili wetu na wake huona kwamba tofauti ni kadiri ya sehemu moja au mbili tu katika mia. Mimba yake huchukua miezi minane. Mtoto hunyonya mpaka miaka minne au mitano, naye huendelea kumfuata mama yake miaka mingine baada ya hapo, akijifunza tunda lipi laliwa, kitanda cha matawi hujengwaje juu ya mti, na nani wa kuogopwa. Mama huzaa mara moja kila miaka mitano au sita. Hesabuni wenyewe: mama mmoja katika maisha yake yote hulea watoto wachache mno. Msitu uliopoteza majike kumi hauwezi kuwarudisha upesi kama shamba la sungura.

Mwaka 1960 Bibi Jane Goodall alifika Gombe, ng'ambo hii hii ya ziwa letu Tanganyika, kaskazini ya Kigoma. Mwaka ule ule alimwona sokwe akitwaa kijiti, akakitia katika kichuguu, akakitoa kimejaa mchwa, akala. Tena alimwona akipukuta majani ya kijiti ili kikae vizuri. Kabla ya hapo wenye elimu walisema kwamba kutengeneza chombo ni kazi ya binadamu peke yake. Bibi Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 91, miezi michache tu baada ya mimi kurudi nyumbani.

Mtauliza, sokwe wachanga hupatikanaje hata wakauzwa? Jibu ni chungu. Mama sokwe hamwachi mtoto wake, na jamaa zake humtetea. Kwa hiyo mwindaji humpiga mama risasi, na mara nyingi na wengine walio karibu, kisha humbandua mtoto kutoka kifuani mwa maiti. Kila sokwe mtoto aliyefungwa kamba uani kwa mtu ana wafu nyuma yake. Mji wetu katika miaka ile ulikuwa njia ya biashara hiyo. Wengi wa sokwe hao hawakuwa wa misitu ya Burundi, walivushwa. Katika Kibira wako sokwe wa kwetu hata leo, nao hujificha, na wana haki ya kujificha.

Taasisi ya Jane Goodall ilifungua nyumba Bujumbura ya kupokea sokwe walionyang'anywa wafanyabiashara au waliotolewa na wenyewe. Nyumba hiyo ilikuwa ya kungojea tu mpaka papatikane mahali pa kudumu. Kisha vita vikatukuta. Wazee wetu waijua Oktoba 1993 kuliko nitakavyoweza kuiandika mimi ambaye sikuwa nimezaliwa. Sweetwaters ilifunguliwa mwaka huo huo wa 1993, kwa mapatano ya Taasisi hiyo, Shirika la Wanyamapori la Kenya na hifadhi kubwa ya Ol Pejeta. Sokwe watatu walitangulia, na mwaka 1995 likafuata kundi kubwa. Nilipoyasikia haya niliona jambo la ajabu: wako wakimbizi wa nchi yetu ambao hawamo katika hesabu ya wakimbizi.

Hifadhi ya sokwe ina ekari 250 hivi, nayo imezungushiwa ua wa nyaya za umeme. Mto Ewaso Ng'iro wapita katikati, na sokwe wako makundi mawili, moja ng'ambo hii na moja ng'ambo ile, kwa sababu sokwe hawajui kuogelea na makundi mawili hayapatani. Mimi kazi yangu ilikuwa upande mmoja tu, na Poco alikuwa wa upande wa pili, kwa hiyo habari zake nazisimulia kama nilivyosimuliwa na watunzaji. Walisema kwamba alipofunguliwa alikuwa na desturi ya kutembea kwa miguu miwili, wima kabisa, kuliko sokwe wote. Wageni walimpenda kwa ajili hiyo, wakampiga picha. Wengi hawakujua kwamba alijifunza kusimama hivyo kwa kuwa kizimba hakikumruhusu kukaa namna nyingine.

Kazi ilianza saa moja asubuhi. Mtu huvaa viatu vya mpira, hukanyaga katika beseni la dawa, hunawa mikono, huvaa kitambaa cha pua na mdomo. Kisha jikoni: karoti, kabeji, viazi vitamu, ndizi, machungwa, miwa. Sikujua kwamba naweza kuchoka kwa kukata kabeji. Sokwe wakiisha kutoka kwenye nyumba zao za kulala, sisi tuliingia kusugua sakafu kwa maji na brashi ndefu. Kazi nyingine ilikuwa kutoboa magogo na kutia asali au karanga katika matundu, ili sokwe watafute vijiti na kuzichokoa. Maana mnyama mwenye akili akipewa chakula kwenye sinia kila siku hana la kufanya, naye huanza kujing'oa nywele.

Hakuna aliyeruhusiwa kumgusa sokwe. Hili liliwaudhi wageni wengi, na kusema kweli mimi pia nilitamani. Lakini sokwe dume mzima ana nguvu kushinda mtu yeyote, na sokwe si mwanasesere. Siku ya tatu dume mmoja alisimamisha nywele zote, akapiga mbio kando ya ua, akatupa jiwe likapita karibu na sikio langu. Mtunzaji mkuu, ambaye sote tulimwita Mzee, alicheka, akasema, "Anakuuliza wewe ni nani. Usijibu. Simama tu."

Labda mtasema: kwa nini wasirudishwe msituni? Nilimwuliza Mzee swali hilo hilo. Alinieleza kwamba msitu mzuri huwa tayari una sokwe wenyewe, na madume hulinda mpaka wao hata kuua mgeni. Tena sokwe aliyelelewa na watu hawaogopi watu. Ataingia shambani au kijijini, naye atauawa au ataumiza mtoto wa mtu. Na aliyekosa mama miaka ile mitano hakujifunza yanayompasa kujua. Kwa hiyo watakaa pale mpaka kufa, na sokwe huweza kufikia miaka hamsini na zaidi akitunzwa. Majike hupewa dawa za kuzuia mimba, kwa sababu kila atakayezaliwa pale atazaliwa ndani ya ua. Jambo hili lilinisumbua usiku. Nilikuwa nimekuja kuona wanyama waliookolewa, kumbe naona waliookolewa nusu. Mpaka leo naona hivyo. Ua ni ua, hata ukiwa na ekari 250. Lakini sijasikia bado mtu aliyetoa shauri bora kwa wale ambao mama zao wamekwisha kufa.

Sasa nifikie kosa langu. Bujumbura iko mita 800 hivi juu ya bahari, na Ol Pejeta yapata 1,800. Julai huko ni baridi kweli, na mimi nilikwenda na sweta moja la shule. Siku ya nane niliamka na mafua. Nilijua amri: mwenye mafua asikaribie. Iliandikwa mlangoni kwa herufi kubwa. Lakini nilifikiri, nimesafiri siku tatu, wajomba wawili wamenichangia nauli, na zimebaki siku chache. Mafua si ugonjwa. Nikanyamaza. Siku mbili nilikata matunda nikimeza kamasi nyuma ya kile kitambaa.

Siku ya pili jioni nilipiga chafya jikoni, nikashindwa kujizuia, nikapiga tena mara tatu. Mzee aliweka kisu chini. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Tangu lini, kijana?" Nikasema tangu jana. Akasema, "Karai lile umelikata wewe?" Nikasema ndiyo. Akalichukua karai zima, machungwa na ndizi na yote, akakimwaga kile chakula shimoni, akaanza kukata upya peke yake. Kazi ya saa nzima. Nilisimama nje nikimtazama dirishani.

Kesho yake alinikalisha mbali juani akanifundisha, na somo hilo ndilo nawaletea. Kwa kuwa sokwe na mtu ni jamaa, magonjwa yetu ya kifua huwaingia, nao hawana kinga nayo. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliingia kwa sokwe wa Gombe, wengine wakafa na wengine wakapooza viungo. Katika msitu wa Taï huko Ivory Coast sokwe walikufa kwa magonjwa ya kifua, na mwaka 2008 wataalamu walitangaza kwamba virusi vilivyokutwa katika maiti zao vilikuwa vya binadamu. Na mwaka 2013, katika msitu wa Kibale huko Uganda, kundi la Kanyawara lilikuwa na sokwe 56. Watano walikufa. Kirusi kilichoonekana kilikuwa cha jamii ya mafua ya kawaida, yale ambayo kwetu mtoto huenda nayo shule. Basi kumbe ule uchunguzi wa kifua na ile chanjo havikuwa kwa ajili ya kunilinda mimi. Mimi ndimi niliyekuwa hatari.

Kwa siku tisa sikukaribia jiko wala nyumba za sokwe. Nilifyeka majani kando ya ua upande usio na sokwe, maana majani yakigusa nyaya umeme hupungua nguvu. Kila jioni nilimngoja Mzee barabarani nimwulize kama yuko aliyekohoa. Siku nne za kwanza sikuweza kula vizuri kwa kaka yangu yule. Kulikuwa na jike mmoja aliyekaa kitako siku nzima bila kucheza, nami nilikwisha kumzika moyoni mwangu. Ikaonekana kwamba amegombana tu na mwenzake. Hakuna aliyeugua. Hayo hayakutokana na busara yangu hata kidogo.

Katika siku hizo za kufyeka nilipata nafasi ya kuwaona Najin na Fatu, mama na binti yake, vifaru weupe wa kaskazini, ambao ni wa mwisho duniani wa jamii yao. Dume la mwisho, Sudan, lilikufa hapo hapo Ol Pejeta tarehe 19 Machi 2018. Kifaru huyo angestahili makala yake mwenyewe. Mimi nilisimama tu na panga mkononi nikiwatazama wakila majani, wakubwa kama nyumba, wakiwa hawana habari kwamba wamebaki wawili.

Namrudia yule mama wa matatu. Nilipokuwa nikifyeka nilimtafutia jibu. Ni kweli kwamba kwetu watu hawajashiba, na mwaka huo huo wa 2025 tulipokea wakimbizi wengi kutoka Kongo. Kama mtu angeniambia chagua, mfuko huu wa viazi apewe sokwe au mtoto wa mkimbizi, ningempa mtoto, wala nisingefikiri mara mbili. Lakini hakuna aliyenipa uchaguzi huo. Viazi vilinunuliwa kwa wakulima wa Nanyuki kwa fedha za wageni waliokuja kuwaona wanyama, na watunzaji wanasomesha watoto wao kwa kazi ile. Tena sokwe wale hawakujileta Kenya. Walitolewa kwao na watu, wakauzwa na watu, wakawekwa gerejini kuchekesha watu. Deni ni deni hata kama mwenye kudai hajui kusema. Sijui kama mama yule angekubali. Nadhani angecheka tena.

Siku tatu za mwisho Mzee alinirudisha jikoni, baada ya kunitazama koo kwa tochi. Jioni ya mwisho aliniruhusu kusimama karibu anapowaita kulala. Huwaita kwa majina, mmoja mmoja, nao huja, wengine wakikimbia, wengine kwa maringo, na mmoja huchelewa kila siku makusudi mpaka aitwe mara tatu. Yule dume aliyenitupia jiwe alipita, akanitazama, hakutupa kitu.

Kwa wale watakaopenda kwenda baada yangu: andikeni mapema, miezi sita kabla, pimweni kifua na mpate chanjo, chukueni sweta mbili, na mkiamka na mafua, semeni siku ile ile, hata kama nauli imekopwa.

Niliporudi nilikwenda Buyenzi. Nilimwonyesha Babu picha za sokwe nilizoletewa na watunzaji, na moja ilikuwa ya Poco amesimama wima kwenye majani marefu. Babu alivaa miwani, akaishika kwa muda mrefu. Nilimwuliza kama ndiye yule wa gereji. Akasema hajui, walikuwa wengi mjini siku zile, na miaka imepita. Kisha akaniuliza sokwe huishi miaka mingapi. Nikamwambia hamsini, hata zaidi. Akahesabu kwa vidole, polepole.

"Na sigara," akasema, "huko hawampi?"

Nikamwambia hawampi.

"Vema," akasema Babu. Akaomba abaki na ile picha, nami nilimwachia.